Apolo Kivebulaya na Jembe Lake

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kukaa, na redio inasikika hata nyuma. Mwenye ramani ya Afrika Mashariki aifungue, au mwalimu wa darasa aitundike ukutani, maana leo tutatembea sana kwa miguu.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano kwa herufi kubwa: KAURI, MCHWA, JEMBE, SHEMASI, MPAKA. Sisi tutanyamaza kidogo mpaka umalize, na wengine wayanakili katika madaftari yao. Kila neno litakapofika katika habari yetu, mwalimu aliguse kwa fimbo, ili macho yaone kile ambacho masikio yamesikia.

Haya, tuanze.

Habari yetu ya leo ni ya mtu aliyeitwa Apolo Kivebulaya. Hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa mwalimu wa dini na wa kusoma. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu, wakubwa kwa wadogo, akiwaonyesha herufi moja moja. Kwa ajili ya kazi hiyo alipigwa, akafungwa minyororo. Kisha akarudi palepale. Nataka tuliangalie jambo hilo moja tu: alipata wapi moyo wa kurudi? Maana kuingia mahali pa taabu usipopajua si ajabu kubwa. Kurudi hali unapajua, na waliokupiga bado wapo, hilo ni jambo jingine.

Twende kwanza Buganda, upande wa kaskazini wa Ziwa Viktoria. Mwezi wa Juni 1877 wamisionari wa kwanza wa Kiingereza, watu wa misioni iitwayo C.M.S., walifika kwa Kabaka Mutesa. Mwaka 1879 wakaja mapadre Wakatoliki kutoka Ufaransa. Na kabla ya hao wote, Waislamu wa pwani walikuwa wamekwisha kufika, nao walileta Korani pamoja na lugha yetu ya Kiswahili. Basi barazani pa Kabaka vijana wakaanza kusoma, wengine Korani, wengine Injili. Watu wa nchi wakawaita wote kwa jina moja: wasomaji. Kwa Kiganda, kusoma na kushika dini likawa neno moja. Hata leo Mganda akisema anakwenda kusoma siku ya Jumapili, huenda maana yake anakwenda kanisani.

Hapa kuna jambo ambalo sisi watu wa Kiswahili tuna haki ya kulifurahia. Kurasa za kwanza za Injili walizosoma vijana wale hazikuwa za Kiganda. Zilikuwa za Kiswahili, zile zilizotafsiriwa Unguja na Askofu Edward Steere. Baadaye ndipo Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti aliyekuwa na mashine ndogo ya kupiga chapa, alipoanza na wenzake kutoa kurasa za Kiganda. Agano Jipya la Kiganda likapatikana 1893, na Biblia nzima ikawa tayari 1896, kwa kazi ya George Pilkington na Mganda mwenzake, Henry Wright Duta.

Vitabu vilikuwa vichache kuliko watu. Inasimuliwa kwamba watu walikaa duara, kitabu kimoja kikiwa chini katikati, na kila mmoja akakisoma kutoka upande wake. Aliyekaa mbele ya kitabu alijifunza sawasawa; aliyekaa upande wa pili alijifunza herufi kichwa chini miguu juu, na wengine wakajifunza kwa ubavu. Baadaye walipopata kitabu kila mtu chake, walikuwapo waliokigeuza kwanza ndipo waweze kusoma! Nanyi mnaolalamika kwamba kitabu kimoja kinagawiwa watu watatu, mna wenzenu wa zamani.

Vitabu havikutolewa bure. Watu walivinunua kwa kauri. Mwalimu, gusa neno la kwanza. Kauri ni yale makombe madogo meupe ya baharini, yaliyotumika kuwa fedha katika nchi za bara. Mtu alihesabu kauri zake kwa mamia, akazitunga katika uzi, akazibeba mpaka misioni. Naye akiisha kupata kitabu chake, alikuwa na adui mwingine, na huyo ni neno letu la pili: mchwa. Kitabu kikiachwa sakafuni usiku mmoja, asubuhi huenda usikute ila jalada. Kwa hiyo Biblia moja ya Kiganda ilipigwa chapa kwa umbo la ajabu, fupi na nene kama tofali, ili iingie sawasawa katika mkebe wa biskuti. Mkebe ule ulikuwa sanduku lake. Mchwa hawakuweza kuutoboa.

Lakini msidhani ya kuwa kusoma kulikuwa mchezo. Kati ya mwaka 1885 na 1887, Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, aliwaua wasomaji wengi wa Kikristo, Wakatoliki na Waprotestanti. Siku ya tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto Namugongo. Kisha, tangu 1888 hata 1892, vikaja vita baina ya makundi ya dini. Wasomaji walewale waliokuwa wamekaa pamoja barazani wakashikiana bunduki. Ni sura ya huzuni, nami sitaipamba.

Apolo alikulia katika siku hizo. Alizaliwa karibu na mwaka 1864. Jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliye mkubwa. Katika ujana wake alionja mafundisho ya Uislamu, akasikia pia mafundisho ya Mackay, na vita vilipokuja akawa askari kama vijana wengine. Hakuwa mwepesi wa kuamua. Mpaka anabatizwa, mwaka 1895, alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi. Mlioko darasani mkiwa na wajukuu nyumbani, liwekeni hilo moyoni.

Siku zile misioni ya C.M.S. ilikuwa na desturi: mtu hubatizwa akiisha kujua kusoma, isipokuwa wazee sana na vipofu. Hivyo Waswa alikuwa msomaji kabla ya kuitwa Apolo. Jina hilo alilitoa katika kitabu cha Matendo ya Mitume, alimotajwa Apolo mtu wa Aleksandria, aliyekuwa hodari katika Maandiko. Na lile jina la pili, Kivebulaya, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya koti la Kizungu alilopenda kulivaa. Ni jina la utani basi, lakini limekaa mpaka kaburini. Aliwahi kuoa, mkewe akafa, wala hakuoa tena.

Sasa tazameni ramani. Kutoka Buganda nendeni magharibi mpaka mfike Toro, chini ya milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake kina urefu wa mita 5,109 na huwa na theluji. Mfalme wa Toro, Kasagama, alibatizwa 1896 akaitwa Daudi. Walimu Waganda walikuwa wanakwenda Toro, na Apolo alikuwa mmoja wao. Bado haitoshi. Pitieni ncha ya kaskazini ya Ruwenzori, shukeni bonde kubwa lenye joto, vukeni mto Semliki utokao Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert, kisha pandeni ukingo wa pili wa bonde. Hapo juu ndipo Boga. Wengine hupaita Mboga. Nyuma yake kuna msitu wa Ituri, ambao ni mkubwa na mnene kuliko misitu tunayoijua sisi. Leo Boga imo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na watu wake wengi husema Kiswahili.

Mtawala wa Boga aliitwa Tabaro. Mwaka 1896 walipelekwa kwake walimu wawili. Hawakukaa. Hawakupewa chakula, na mtu asiye na chakula hawezi kufundisha, wakarudi. Apolo akachaguliwa kwenda mahali pao.

Mwalimu, gusa neno la tatu. Inasimuliwa kwamba Apolo, alipojua sababu iliyowafukuza wenzake, alinunua jembe. Mtu huyu alikuwa amewahi kuwa askari, bunduki aliijua. Akanunua jembe. Kama hawatanilisha, alifikiri, nitalima.

Wako wanaopenda kusimulia habari za Apolo wakianzia katika maono yake, nayo tutayafikia. Mimi napenda kuanzia katika jembe. Alikuwa anaamini kwamba Mungu amemwita, tena aliamini sana. Lakini hakuamini kwamba kwa sababu hiyo hatasikia njaa. Aliitazama taabu aliyoijua, akaipimia dawa yake, akaibeba begani. Kwa hiyo siku ile watu wa Boga walipomwona akija, walimwona mtu mwenye kitabu na mpini. Alipanda chakula chake. Alikata miti na matete akajenga. Akaanza kufundisha kusoma.

Matata yalikuja upesi. Apolo alifundisha watu waache kutumikia pepo na hirizi, wapunguze pombe, na mwanamume awe na mke mmoja. Maneno hayo hayakumpendeza Tabaro, aliyekuwa mtawala mwenye wake na desturi zake. Masimulizi ya Boga yanasema kwamba Apolo alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto.

Ngojeni kidogo, tumtazame na Tabaro pia, maana vitabu vya zamani vilimwandika kama mwovu tu, na historia haitendi haki namna hiyo. Jiwekeni mahali pake. Nchi yake ni ndogo, kando ya msitu. Katika Toro mfalme Kasagama amerudishwa kitini mwaka 1891 kwa mkono wa Kapteni Lugard na askari wake. Mwaka 1894 Waingereza wameitangaza Uganda kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wao. Kisha anakuja mgeni, Mganda, rafiki wa Kasagama, anasoma kitabu cha Wazungu, amevaa koti la Wazungu, hata jina lake ni la Ulaya, naye anawaambia watu wa Boga waache desturi za wazee wao. Tabaro hakuwa mjinga alipoona hatari. Apolo alikuja na Injili, lakini nyuma yake kulikuwa na kivuli cha watu wengine, apende asipende.

Ndipo lilipotokea jambo la msiba. Karibu na mwaka 1898 dada yake Tabaro aliangukia mkuki kwa bahati mbaya, akafa. Tabaro, kwa uchungu na kwa hasira ya zamani, akamshtaki Apolo kwamba ndiye aliyemwua. Apolo akakamatwa akapelekwa Toro, kwenye ngome ya Waingereza mahali paitwapo leo Fort Portal, akawekwa kifungoni katika minyororo akingojea shauri.

Fikirini hali yake. Mashtaka ni ya kuua. Anaweza kunyongwa. Mashahidi wako ng'ambo ya bonde. Wale wachache aliowafundisha kusoma Boga hawana nguvu ya kumtetea, na kila jirani aliyesema kwamba mgeni huyu ni hatari sasa anasema, "Mnaona?" Mtu aliyesingiziwa anajua uchungu huo. Kupigwa kuna mwisho wake. Kusingiziwa kunalala nawe na kuamka nawe.

Apolo mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika siku zile za taabu alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo, awahubirie watu wala asiogope, kwa kuwa yeye yu pamoja naye. Alisema pia kwamba tangu wakati ule watu waliisikia habari yake upesi zaidi kuliko kwanza.

Kuna wanaoamini maono hayo na kuna wasioyaamini, nami si kazi yangu katika somo la historia kupima kilichoonekana usiku. Ninachoweza kufanya ni kuyaangalia maneno aliyoyasikia. Mtu huambiwa ajipe moyo wakati gani? Hatuendi kwa mtu anayecheka arusini tukamwambia, "Jipe moyo." Twamwambia aliyefiwa, aliyeshindwa, aliyekaa kimya kwa hofu. Basi Apolo, alipotusimulia kwamba aliambiwa ajipe moyo, alikuwa akitusimulia pia kwamba moyo ulikuwa umemwishia. Alipoambiwa asiogope, maana yake alikuwa anaogopa. Hakuona haya kulisema. Wasimulizi waliomfuata ndio waliomfanya awe shujaa asiyejua woga, kama simba wa kuchorwa ukutani. Kwa maoni yangu wamempunguza. Mtu asiyejua woga hana la kutufundisha sisi tunaoogopa kodi ya nyumba, maradhi ya mtoto, na kuitwa mbele ya darasa kusoma kwa sauti.

Tena angalieni ambacho hakuambiwa. Hakuambiwa kwamba minyororo itafunguliwa kesho. Hakuambiwa kwamba Tabaro atakufa, au kwamba Boga yote itatubu. Aliambiwa tu kwamba hayuko peke yake. Imani ya Kikristo, jinsi Apolo alivyoishika, ilikuwa hiyo hasa: hakupewa habari za mbele, alipewa mwenzi wa njiani. Na mtu aliye na mwenzi njiani anaweza kufanya kazi ya leo, hata kama ya kesho haioni.

Shauri lake lilipoangaliwa, ikaonekana hana hatia, akafunguliwa.

Sasa angeweza kwenda kwao. Buganda kulikuwa na makanisa mengi, na msomaji wa aina yake angepata kazi palipo na ndizi za kutosha na watu wa lugha yake. Hakuna ambaye angemlaumu. Akashuka tena bondeni, akavuka Semliki, akapanda Boga.

Nimelifikiri sana jambo lililotokea baadaye. Tabaro, yule aliyemshtaki, akaja kusoma. Akabatizwa, akaitwa Paulo. Bila shaka palikuwa na sababu nyingi; mtawala huangalia upepo unakovuma, na upepo wa miaka ile ulivuma upande wa wasomaji. Lakini nadhani kurudi kwa Apolo kulikuwa na sehemu yake kubwa. Mgeni anayekuja kwa nguvu za wakubwa wake, akipigwa hurudi na askari. Huyu alirudi bila kisasi, akashika tena jembe. Tabaro alikuwa mtu mwenye macho. Huenda hapo ndipo alipoona kwamba mtu huyu hakuwa kivuli cha mtu mwingine.

Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi. Gusa neno la nne, mwalimu. Shemasi ni daraja ya kwanza ya watumishi wa Kanisa walio chini ya askofu. Mwaka 1903 akawa kasisi. Alifanya kazi miaka mingi katika sehemu mbalimbali za Toro na Boga, na mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, huko Buganda. Lakini heshima hiyo haikumtoa Boga.

Ni nini basi alichokuwa akifanya kila siku? Hilo tunalijua vizuri kuliko tunavyojua habari za wengi wa wakati wake, kwa sababu aliandika. Aliweka madaftari ya kila siku, kwa Kiganda, na wataalamu wa historia wameyasoma. Ukitazamia kukuta humo mambo makubwa ya ajabu, utachoka upesi. Kuna kwenda na kurudi. Kuna kujenga, kufundisha, kutembelea watu, kulima. Nyumbani kwake alilea watoto yatima na wanafunzi. Siku baada ya siku, mkono uleule, kazi zilezile. Lakini fikirini, ndugu zangu: mtu huyu alijifunza herufi akiwa amekwisha kuwa mkubwa, katika nchi ambayo baba zake hawakuwa na maandishi. Asingejifunza, leo tungemjua kwa maneno ya wengine tu, ya wamisionari walioandika vitabu Ulaya. Kwa kuwa alijua kuandika, amejisemea.

Neno letu la mwisho ni mpaka. Apolo alipokwenda Boga mara ya kwanza, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekwisha kugawana nchi hizi mezani, lakini mistari haikuwa imenyoshwa sawasawa juu ya ardhi. Mwaka 1910 Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka ya sehemu hizo, na Boga ikahesabiwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu waliolala wakiwa jirani wakaamka wakiwa wa nchi mbili. Apolo, aliyekuwa mtu wa Uganda, akakaa kwa muda upande wa Toro. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza akarudi tena Boga, akakaa huko mpaka mwisho wa maisha yake. Mara ya pili basi akavuka bonde lile kurudi. Safari hii si minyororo iliyomzuia, bali karatasi za serikali.

Tangu mwaka 1921, akiwa mzee wa miaka hamsini na zaidi, alianza kuingia msituni kwa Wambuti. Hao ni watu wafupi wa kimo, wawindaji wa nyavu na pinde na warina asali, waliobadilishana nyama na wakulima wa vijijini wapate ndizi. Wakulima wengi waliwadharau. Apolo aliwafuata katika makambi yao chini ya miti, naye kambi akiikuta leo, kesho imehama. Alijifunza maneno yao, akawafundisha dini na kusoma kama alivyowafundisha watu wa Boga. Kazi hiyo ilikwenda polepole. Hata anakufa, wachache tu walikuwa wamebatizwa. Mtu mwingine angehesabu akakata tamaa, lakini yeye alikuwa amezoea kazi ya polepole, maana mkulima hafukui mbegu aione kama imeota.

Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliagiza yeye alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko kazi ilikuwa haijaisha. Wakafanya kama alivyosema. Kanisa alilolianza halikufa. Mwaka 1972 Boga ikawa na askofu wake, na Kanisa la Anglikana la Kongo, ambalo leo lina dayosisi nyingi, huhesabu mwanzo wake kutoka mahali hapo. Katika kalenda ya Kanisa la Uingereza pia, tarehe 30 Mei ni siku ya kumkumbuka.

Sitaki mwondoke mkidhani kwamba mahali palipokaa mtu kama huyo pamelindwa na mabaya. Mkoa wa Ituri umepata vita vya kutisha tangu mwaka 1999. Mwishoni mwa Mei 2021, usiku mmoja, watu wenye silaha walivamia Boga na Tchabi iliyo jirani, wakaua watu zaidi ya hamsini, wanaume, wanawake na watoto. Watu wa Boga wamekimbia wakaacha mashamba, wakarudi wakapanda, wakakimbia tena. Wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya wale waliofundishwa herufi na Apolo. Ukimwuliza mama wa Boga habari ya kujipa moyo, hakuelezi kama mtu aliyeisoma kitabuni.

Basi muda wetu unakaribia kwisha. Darasani mzungumze kwa nafasi juu ya mambo mawili. La kwanza: kama ungekuwa Tabaro mwaka 1896, ungempokeaje mgeni yule? Msijibu upesi. La pili: kila mmoja aandike mistari mitatu tu juu ya kazi aliyoifanya leo tangu asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe juu. Asiyejua bado kuandika maneno yote aandike anayoyajua, mwalimu atamsaidia mengine. Madaftari hayo msiyaweke sakafuni.

Mwalimu, usifute ubao mpaka watu wa nyuma wamalize kunakili. Kwaherini.